Vidato Vinne vya Njano

Waliniita Jumatatu, kabla ya chai,
mimi Mihayo, mchomeleaji wa Isevya,
fundi wa mageti, madirisha na vitanda vya bweni:
uwanjani kuna kazi, njoo na futi.

Ndege mpya ilikuwa imekuja kuijaribu njia.
Si ile ya pangaboi tuliyoizoea,
inayotua ikinguruma kama mashine ya kusaga
kisha inakunjua ngazi yake yenyewe
kama mgeni anayekuja na mkeka wake.
Hii ilikuwa jeti, nyeupe kama kikombe cha wageni.
Ikasimama. Mlango ukafunguka.
Ngazi yetu ya magurudumu ikaishia kitovuni.

Mhudumu mwenye skafu akatazama chini,
sisi tukatazama juu,
na Kalunde wa mizani, asiyejua kunong'ona, akasema:
"Hapo katikati, penye hewa, ndipo Tabora ilipo."

Nilichomelea siku tatu. Vidato vinne,
chuma cha pembe, vishikio pande mbili,
rangi ya njano iliyobaki kwenye geti la shule.
Nikapanda mwenyewe hadi juu, nikarukaruka.
Haikutikisika.
Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka;
hawakusema lolote juu ya aliyeirefusha.

Bwana Masunzu, meneja, alinieleza hesabu
huku akilainisha ratiba mpya kwa kiganja:
viti mia na thelathini, vijae ndipo itue.
Kalunde akafungua daftari la siku ile:
abiria kumi na tisa,
ndoo sita za asali,
jogoo mmoja, amekataliwa.
Ndege haili asali, fundi. Inakula watu waliokaa.

Basi jeti inatoka Dar, moja kwa moja hadi Kigoma.
Na hapo ndipo nilipoelewa jambo
ambalo miaka yote sikuliona:
pangaboi ilikuwa ikisimama kwetu
kwa sababu ya watu wa Kigoma waliokuwa ndani.
Tulikuwa tumebebwa mgongoni, tukidhani tunatembea.
Kigoma wameshuka kwenye pangaboi, wamepanda jeti,
na siku zetu nne zimekuwa mbili.
Ya Alhamisi imehamishiwa kusini.
Ya Jumapili inasubiri spea.

Mama Nyanzala ana figo, na kliniki yake ni Jumatano.
Anakwenda Jumanne, anarudi Jumamosi,
siku zote hizo yuko kwenye korido ya mpwa wake, Tandika.
Anasema amejifunza kuugua kwa ratiba.

Siilaani jeti. Dada yangu yuko Ujiji,
alinipigia simu akicheka:
amekunywa uji kwake, amekula mchana Kariakoo,
na furushi la dagaa halijapoteza harufu.
Nikafurahi, kweli nikafurahi.
Lakini furaha ya Ujiji ina kivuli,
na kivuli hicho hupita juu ya bati langu
saa nne na dakika kumi, asubuhi.

Babu wa babu yangu alibeba pembe begani
kutoka huko huko Ujiji hadi pwani.
Alilala hapa. Kila mtu alilala hapa.
Baadaye garimoshi nalo likasimama, likanywa maji,
likabadili vichwa, likauziwa karanga.
Huyu ndiye msafiri wa kwanza
asiye na kiu akifika Unyanyembe.

Ngazi bado iko pale, kando ya gari la zimamoto.
Vidato vya chini vya kijivu, vinne vya juu vya njano.
Jeti haishuki kuihitaji,
pangaboi inakuja na ya kwake.
Nimekwenda mara tano kudai pesa yangu.
Mara ya tano Masunzu hakuwepo,
nikapanda kumngojea kule juu, penye upepo,
nikaiona reli ikikata miombo kwenda magharibi,
na nyuki wawili watatu
wakikagua bomba la kishikio, lile la kushoto,
ambalo nilisahau kuliziba.

Sikuliziba.