Glasi ya Mama

Meno ya mama ndiyo yaliyoanza.
Yamo ndani ya glasi, juu ya kigoda,
yakagonga kioo: kli, kli, kli,
kama mtu anayetetemeka kwa homa
na hataki kukiri.

Nikasema panya.
Kisha nikasema lori la saruji limepotea njia,
limeingia Barabara ya Kumi na Mbili.
Kisha nikasema Pongwe, wanapasua mawe;
ila nani apasuaye mawe saa tano ya usiku?
Nilikuwa nimebakiwa na jina moja tu
na jina lile halikuwa letu.
Tetemeko ni la redioni. La Bukoba. La Wajapani.
Sisi Tanga tuna mafuriko, tuna umeme wa kukatika,
ardhi hatujawahi kuidai kitu
zaidi ya kunyamaza.

Mama hasikii. Mwaka wa kumi na moja huu
sikio lake ni mlango uliotiwa komeo.
Lakini ni yeye aliyeinuka kitandani,
akatua nyayo sakafuni, akatulia,
akaniambia kwa sauti ile kubwa ya asiyejisikia:
"Kuna mtu anapita chini."

Sufuria zikashuka kabatini moja moja, bila haraka.
Baiskeli niliyoiegemeza ukutani
ikajipigia kengele.
Nikambeba mama mgongoni. Mlango umekaza,
nikaupiga teke, nikaupiga tena,
wa tatu ukafunguka wenyewe kabla ya mguu kufika.

Nje, Ngamiani nzima imevaa ilichokutwa nacho.
Mwalimu Zahoro, kanga ya mkewe kifuani.
Mwasiti, povu la sabuni kichwani.
Mtoto wa Shekiondo kakumbatia rimoti ya televisheni.
Mtu akaanza ile sura fupi
tuliyokaririshwa chuoni kwa bakora, tungali na meno ya utoto,
ile ya ardhi na mtikisiko wake;
ikaitikiwa barabara hadi barabara,
nami nikagundua nimeihifadhi miaka thelathini
pasipo kuisoma.

Singano na Mwanamkasi hawasalimiani.
Kesi yao ya futi moja ya kiwanja
imekwenda baraza la kata, imerudi, imekwenda tena.
Usiku ule hapakuwa na mahali pasipoinamiwa na ukuta
isipokuwa pale pale, kwenye hiyo futi moja,
nao wakasimama hapo, bega kwa bega,
na Singano akauliza, "Miguu yako mizima?"
"Mizima. Yako?"

Ilikuwa sekunde ngapi? Zahoro anasema arobaini.
Mwasiti anasema povu lilimkaukia.
Hakufa mtu. Bati halikung'oka.
Umebaki ufa mmoja, mwembamba kama uzi wa cherehani,
kutoka dirishani kwangu hadi kwenye kalenda,
umekomea tarehe ishirini,
nasi tulikuwa tisa tu.

Alhamisi Singano akanuna upya.
Jumamosi, saa sita mchana, Pongwe wakalipua mwamba:
soko zima la Mgandini likashika meza.
Tukatazamana, tukachekana,
tukaendelea kupatana bei ya bamia
kwa mkono mmoja,
wa pili haujaachia ubao.

Mama yeye kahamisha glasi.
Haiweki tena kigodani. Anaiweka sakafuni,
usawa wa kichwa chake.
Nikamwandikia kwenye daftari letu: *Utaikanyaga.*
Akacheka kwa fizi.
"Safari ijayo," akasema, na mtaa wote ukasikia,
"asihangaike kupanda kigoda kuniambia."