Risiti za Beseni

Barua ilifika Ijumaa saa kumi na moja,
ofisi zimefungwa, imeletwa na kijana wa chai.
Mistari minne. Wa kwanza ulinishukuru.
Wa pili ukasema huduma zangu hazihitajiki tena.
Wa tatu: rudisha kofia, mkanda, filimbi, rungu,
na viatu jozi moja.
Wa nne ulikuwa sahihi ya Mkuu wa Askari, Bwana Osewe,
ndefu kama foleni ya kliniki.

Viatu sirudishi.
Vya kaunti vilikuja namba kumi, mguu wangu ni tano.
Hivi nilivinunua Kibuye, kwa pesa zangu,
nikavipaka rangi nyeusi
hadi vikakubali kuwa vya serikali.

Miaka kumi na mmoja nimevaa sare
na sikuwahi kudhani ni ngozi yangu.
Jioni huvuliwa, hutundikwa msumarini,
anabaki Fidelma Aloo na deni lake la karo.
Yeye Osewe, nadhani, hulala nayo.

Alipiga simu usiku wa Jumanne:
"Alfajiri tunabomoa vibanda, upande wa Kondele."
Nikauliza, "Afande, amri ya korti iko wapi?"
"Amri ni mimi."
Nikamwambia: ukinisimamisha juani nitasimama,
ukinihamishia Muhoroni nitafunga mzigo,
lakini kibanda cha mtu si shati lako.
Hakujibu. Nikasikia televisheni yake,
watu wakishangilia bao.

Wenzangu hunipenda kwa kunong'ona.
"Dada, ungenyamaza. Sisi ni watu wa mkataba.
Kila Juni tunakufa,
na anayetufufua ni yeye."

Wakili Miheso ana chumba juu ya duka la rangi.
Alisoma barua mara moja, akavua miwani.
"Osewe hakukuajiri. Bodi ilikuajiri, yeye akaazimwa.
Na hata bodi haikufuti kabla ya kukuita,
kukusomea kosa, kukusikiza,
mwenzako mmoja ameketi kando yako."
Nilishuka ngazi nikiyarudia
kama mtoto aliyetumwa dukani:
kuitwa, kusomewa, kusikizwa.
Kuitwa, kusomewa, kusikizwa.

Ila mwenzangu wa kuketi kando hakupatikana.
Mmoja ana mkopo. Mwingine mkewe ni mjamzito.
Wa tatu alizima simu.

Aliyekuja ni Nerea, muuza omena,
ambaye nilimbebea beseni mara mbili,
mara ya pili mbele ya wanawe.
Alisimama mlangoni pangu, hakutaka kiti.
Akatoa kifuniko cha nailoni, ndani yake karatasi mbili:
tarehe, idadi ya mabeseni, faini, jina langu kwa herufi kubwa.
"Wa siku hizi hubeba tu," akasema.
"Ukiuliza, unapigwa kofi.
Mimi sikupendi, Aloo.
Lakini wewe ulikuwa unaandika."

Kesi ilitajwa mara moja; jaji alikuwa na semina.
Karani akatupa tarehe nyingine, mwezi mwingine,
akapokea vielelezo, akavigonga muhuri,
kisha akanusa vidole vyake
na kutuangalia sote wawili.

Faili yangu, miongoni mwa faili zote za Kisumu,
inanuka omena.