Sita Nukta Moja

Alfajiri, Pipeline, ghorofa ya sita.
Nachoma kidole cha pete (pete yenyewe haiingii tena),
tone la damu, dogo kama punje ya wimbi,
na kimashine kinasema: sita nukta moja.

Namwandikia Kwamboka, aliye macho kule Dandora.
Hanipi pole. "Jana usiku ulikula nini?"
Chapati.
"Ngapi?"
Moja.
"Mumbua."
Haya, tatu. Mama mkwe alizipika, akaketi kunitazama.

"Nami nililamba kijiko cha jemu gizani,
kama mwizi, nyumbani kwangu mwenyewe."
Twacheka, kila mtu na tumbo lake mkononi.

Kliniki walitupa karatasi moja, dakika nne,
mwingine aingie.
Yaliyobaki tulifunzwa na benchi la nje:
Sabdiyo akagawa vibanzi vyake vya kupimia, nusu kwa nusu,
akasema ugali uwe kama ngumi,
ngumi yako, si ya mumeo.
Akasema pia, bila kuulizwa,
kwamba si soda za ujana wangu zilizoleta haya.
Kondo la nyuma lina hila zake.
Nililia pale pale, foleni ikisonga.

Sasa nimekula. Napanda ngazi hadi juu ya paa,
katikati ya shuka za majirani zinazodondosha maji,
simu sikioni, Kwamboka akizunguka ua wa kwao.
Hatuna la kusema. Tunahema tu.

Bado dakika ishirini nipime.
Mtoto ananisukuma ubavuni
kama mtu anayeuliza ni saa ngapi.