Kichupa Nambari Kumi na Saba

Kichupa nilikiandika mimi, kwa kalamu isiyofutika:
Mize Shaame Faki, miaka arubaini na mmoja, Kangagani,
titi la kushoto.
Ndani, kwenye maji yanayochoma pua,
kinyama si kikubwa kuliko kokwa ya zambarau.

Kiliondoka Wete Jumanne, ndani ya boksi la barafu,
kimepakatwa melini kama mtoto wa watu.
Unguja, mtaalamu yuko safari. Kikavuka tena.
Jibu lilirudi baada ya wiki tisa.
Wiki tisa, waheshimiwa wa bajeti,
karafuu zishachumwa, zishachambuliwa, zishaanikwa, zishauzwa,
na hela yake ishaliwa.

Nimekulia juu ya majamvi, mizani naijua.
Hata makonyo yana bei. Hata vumbi la chini ya jamvi
lina mtu wa kulifagia na kulipima.
Sasa niambieni: wanawake wa Kangagani waliokufa mwaka juzi
kwa "uvimbe", kwa "donda", kwa "kitu kilichomwingia",
ni pishi ngapi?

Daftari langu ni la shule, lina jedwali la kuzidisha nyuma.
Mistari nimeichora kwa rula. Hakuna aliyenituma.
Jina, shehia, mahali palipoota, siku aliyokuja.
Safu ya mwisho huiandika kwa penseli.
Naona wa koo wamezidi kutoka upande wa kaskazini.
Wamezidi kweli, au ni mkono wangu tu uliozoea?
Ni moshi wa jikoni? Chai ya moto? Maji? Damu ya ukoo?
Sijui, na sitaki kujua kwa kubahatisha.
Kujua kuna gharama: darubini,
mtu wa kuichungulia, mshahara wake,
umeme usiokatika akiwa ametia jicho.
Hilo ndilo fungu ninaloliomba.
Si jengo la kukatiwa utepe.

Mnatupa methali: mficha maradhi, kifo humuumbua.
Mize hakuficha.
Alikuja mwezi wa Shaabani,
akafungua leso mbele ya mtu asiyemjua,
akapewa vidonge vya maumivu na kuambiwa arudi baada ya Idi.
Akarudi. Mashine ya picha ilikuwa mbovu,
imefunikwa kitambaa cha kufuma, kizuri, chenye maua.
Hapo aliyeficha maradhi ni nani?

Mionzi iko Dar es Salaam. Wiki tano.
Binamu yake wa Mbagala ana vyumba viwili na watoto sita.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe:
mwanamke aliyeungua ngozi ya kwapa
apewe jembe gani, alime wapi?
Alilala sebuleni wiki tatu. Ya nne akaona haya,
akapanda meli, dozi haijaisha.
Kwenye faili wakaandika: Mgonjwa ametoroka.
Nililitazama neno hilo mpaka chai yangu ikapoa.
Nauli ni dawa, waheshimiwa. Godoro ni dawa.
Sahani ya wali isiyo na masimango, nayo iandikeni.

Juzi kaja dirishani kwangu. Amekonda,
lakini ana hina mbichi miguuni,
harusi ya mtoto wa dada yake.
Habari ya bajeti hakuiuliza. Kaniuliza:
"Khatibu, kile kinyama changu, mlikizika?"

Nikamwambia kweli. Hakijazikwa.
Kimetiwa ndani ya nta, kimekatwa
vipande vyembamba kuliko ngozi ya kitunguu,
kipo kabatini, ng'ambo, na nambari yake.

Akanyamaza. Akaligeuza daftari upande wake,
akatafuta jina lake kwa kidole, akalipata.
"Basi kama bado kipo," akasema, "kiulizeni hicho.
Mimi nishaulizwa vya kutosha."