Macho Matatu ya Nazi

Hospitali yenyewe Mnazi Mmoja,
basi mgonjwa wetu wa kwanza alikuwa nazi.
Faki aliipasua, akaikuna kwa mbuzi mpaka kifuu kikabaki kitupu
(tui likenda kwao, likaungwa muhogo),
tukamimina jeleti, na kabla haijaganda
nikachomeka karafuu saba alizotoka nazo Mtambile,
kila moja uvimbe, kila moja na namba yake daftarini.

Tukaipiga picha, kipande kwa kipande.
Kwenye kioo karafuu zilionekana hadi meno yake manne.
Nazi ina macho matatu: hayo ndiyo tuliyoyafanya alama.
Nagusa hili, nagusa hili, nagusa la tatu,
naiapisha ramani kuwa nchi yake ni hii.

Daktari Zuwena akaja baada ya zamu, buibui begani.
"Haya, yuko wapi huyo maiti wenu?"
Akashika sindano. Macho kwenye kioo, si mkononi.
Kioo kikawaka kijani, kikaandika: UMEFIKA.

Tulipokifungua kifuu
sindano ilikuwa imepita ubavuni mwa karafuu.
Milimita mbili.
"Mbili tu," akasema Faki.
Daktari akatuonyesha ncha ya ukucha wake.
"Hizi mbili, ndugu yangu,
mtu anaamka hajui jina la mwanawe."

Nazi arobaini na moja tulizimaliza mwezi ule.
Siku umeme ulipokatika, joto likapanda, jeleti ikalegea,
karafuu zikashuka kidogo,
na ramani haina habari.
Picha ni ya jana. Kichwa ni cha leo.

Lakini kosa kubwa halikuwa kwenye kamera.
Lilikuwa ile rangi yangu ya kijani.
Niliichagua mimi, nikaipenda.
Iliwafanya wapasuaji watano kati ya sita
waache kuuliza.

Nikalifuta lile neno.
Badala yake nikachora duara linalotanuka
kila kioo kinapopungukiwa na hakika.
Zuwena alilitukana wiki nzima, lamziba, lamchelewesha,
kisha usiku mmoja akaliona limetanuka,
akasita,
akaitoa sindano, akagusa upya macho matatu.

Jumatatu akaingizwa Bi Mize wa Makunduchi, kichwa kimenyolewa.
Hakuuliza habari ya kamera, wala duara.
Aliuliza mbona chumba kizima kinanuka karafuu,
kwani kuna harusi?

Faki akainamia nyaya zake.