Mguu wa Pedeli

Cherehani ndiyo iliyojua kwanza.
Mimi nilikuwa bado nalaumu uzi,
nalaumu mafuta, nalaumu umeme ambao hata siutumii,
mpaka Ndeshi, binti ninayemfundisha kazi,
akanyanyua macho kwenye vishikizo, akasema:
"Mama Aikande, mshono wako unachechemea."

Kweli. Hatua tatu ndefu, moja fupi,
kama mtu anayepanda Kibosho na kiatu kimoja.
Nikatazama chini. Mguu wa kulia ulikuwa juu ya pedeli
umetulia kama mgeni asiyeambiwa karibu.

Miaka ishirini na sita kwenye baraza hii ya Double Road:
sare za shule, majoho ya kwaya, suruali za marehemu
zinazopunguzwa zimfae mdogo wake.
Nimeinama kuliko mkulima. Mgongo haukusema.
Halafu usiku mmoja ukasema yote kwa mkupuo:
moto kutoka kiunoni, nyuma ya paja, ukingoni mwa muundi,
hadi kidole gumba cha mguu, ukakaa hapo unafuka.

Nilichuliwa kwa mafuta ya kondoo.
Nilikandwa kwa chumvi ya kukaanga.
Shemeji alileta mizizi, akasema ni baridi ya mlimani.
Jirani wa duka la rangi alileta habari mbaya, bure:
"Usikubali kisu. Wa mgongo huingia kwa miguu,
wakatoka kwa magurudumu."
Nikameza vidonge miezi minane,
nikajifunza kulala kama ndoana.

Daktari Nanyaro ni kijana. Aliweka picha kwenye taa.
Nikauona uti wangu: bobini zimepangwa
moja juu ya nyingine, na kati ya ya nne na ya tano
kitu kimetokeza, kama pamba
inayochungulia kwenye mto uliochanika.
"Hapa," akasema kwa ncha ya kalamu,
"neva imebanwa. Haijakatika. Imebanwa."
Akaanza kunitafutia maneno mepesi.

Nikamwambia, usihangaike, mwanangu.
Uzi ukinaswa chini ya mguu wa mashine
huuvuti. Ukivuta, umeharibu kitambaa.
Unainua chuma, kidogo tu,
unauacha upumue.

Akanitazama. "Ndiyo operesheni yenyewe."
"Na mkono wako ukitetemeka?"
Hakucheka. Akanitajia asilimia zote mbili,
ya kupona na ile nyingine.
Nikampenda kwa hiyo ya pili.

Bima ililipa kiasi. Mtamba wetu ukalipa kiasi.
Nilipotia sahihi niliona pindo la koti lake,
mkono wa kushoto, limefumuka inchi mbili.

Kilichofuata sikijui. Sauti ilihesabu nami,
mimi nikaishia saba.

Kuamka: koo kavu, na mgongoni kidonda
cha urefu wa zipu ya sketi ya mtoto.
Nikautafuta moto. Paja. Muundi.
Kama mtu anayepapasa funguo gizani
na anajua alipoziweka.
Haukuwepo.
Nililia, na si kwa maumivu. Tulikaa naye muda mrefu;
kumkosa kulikuwa msiba wa mtu nisiyempenda.

Mama wa Uru, wa kitanda cha dirishani,
akatangaza: "Mlima umefunguka leo."
Nikasema niambie tu, sigeuki mpaka waniruhusu.
"Mweupe," akasema. Akafikiri.
"Si kama zamani."

Siku ya pili nikasimamishwa. Hatua nne hadi mlangoni.
Sakafu ilikuwa baridi.
Kwa mguu wa kulia, baridi!
Kidole gumba bado kimelala. Labda kitaamka,
anasema daktari, labda hakitaamka.
Wiki sita nisiiname, nisiinue ndoo.
Majoho ya Pasaka yanachelewa,
na Ndeshi anakunja kola vibaya, nayaona hata kwenye simu.

Jioni alipopita kutazama kidonda
nikamwambia avue koti.
Alidhani dawa imenipanda kichwani.
Sindano ninayo mkobani, na uzi mweupe.
Nimelala chali, koti juu ya uso wangu,
nikazipinda zile inchi mbili
taratibu, bila kuvuta.