Maji ya Kiyoyozi

Chisomo, dereva wa lori, alinilipa kwa mbegu.
Friji yake ndogo, ile ya ndani ya kabini,
niliitia gesi Changamwe, juani, saa saba,
naye shilingi hana, ana kikaratasi kilichokunjwa.
"Mwerezi," akasema, "wa mlima wetu, Mulanje.
Imebaki michache. Wenye misumeno wameufuata hadi mawinguni."
Nikahesabu: kumi na tatu, kila moja na kibawa chake.
Nikajua nimepunjwa.

Lakini mkono wa fundi hautupi kitu.

Mbegu za mlimani hutaka kudanganywa.
Nikazilaza kwenye friji ya Bi Mwanamkuu,
ndani ya kopo la mchanga mbichi, wiki sita.
Akija karakana kuuliza,
namwambia, "Kipuri hakijafika, mama."
Mungu anisamehe. Friji ilipona siku ya tatu.

Tatu zikaota.
Ya kwanza ikaoza shingoni.
Ya pili alikula mbuzi wa mtaa, yule wa sikio moja;
akatafuna, akanitazama, akarudi kwenye maboksi yake.
Ikabaki moja,
tukaanza kujuana.

Maji ndiyo yaliyonitesa.
Kisima cha Bondeni kina chumvi hata chai inajua,
na mfereji hutoa Jumanne, ukikumbuka.
Ncha za majani zikaanza kuungua, rangi ya kutu.
Hadi siku moja, niko juu ya ngazi nyuma ya benki,
nafungua kiyoyozi kilichoziba,
tone likaniangukia mdomoni.
Halina chumvi. Halina dawa. Halina ladha yoyote:
hewa ya Mombasa
iliyokamuliwa jasho lake.
Tangu hapo, kila kiyoyozi nikitengenezacho
kina galoni yangu chini yake,
na mlinzi wa benki hunipigia simu,
"Fundi, mtoto wako atakosa maziwa, limejaa hili."

Februari, kuta zikitema moto hata baada ya isha,
niliutandia gunia juu,
nikaupangia barafu udongoni, mbali na shina,
vipande vinne, saa nane mchana,
kama ukandavyo paji la mgonjwa wa homa.

Wapita njia wana ya kusema.
"Mvinje huo! Ungeng'oa Bamburi, bure."
"Mti wa Krismasi! Fundi Shekue, umebatizwa lini?"
Sijibu. Mkungu wa jirani hupukutisha majani mekundu
mara mbili kwa mwaka, yote ndani ya chungu changu,
nami nayaokota moja moja.
Wangu haudondoshi kitu.
Hauna haraka ya kitu pia.
Mwaka wa nne huu, haujanifika goti.

Juzi Chisomo alipita na shehena ya mbolea.
Alikuwa amesahau.
Nikampeleka nyuma ya karakana, nikamwonyesha kwa kidevu.
Akachutama. Akafikicha kijani kidogo, akanusa,
akanusa tena.
"Kasha la nyanya yangu," akasema,
na neno lililofuata halikutoka.

"Uchukue," nikamwambia,
huku moyo wangu ukiomba akatae.
Akacheka. "Pale mpakani Songwe
watataka cheti cha udongo,
na cheti cha mdudu ambaye hata mimi sijamwona.
Tuseme nimefika. Nimeupanda."
Akapitisha kiganja hewani, ubapa,
urefu wa shina la mtu mzima.

Tukakaa hapo, sisi wawili tumechutama
kama watu waliodondosha sarafu.
Kisha akaenda kwenye lori,
akafungua friji yake ndogo, ile ile,
akarudi na chupa inayotoa moshi wa baridi.
Nusu akaunywesha mti, polepole, akizunguka.
Nusu akanywa.